Saa ya Ghalani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Nimesikia siku hizi unajikongoja mwenyewe hadi dukani, nikafurahi. Mimi ni mzima wa mwili tu. Barua hii isome ukiwa umekaa, tena peke yako.

Wiki iliyopita ofisi yetu iliitwa kukagua kompyuta za lile ghala la dawa lililoibiwa, nikatumwa mimi. Nilikwenda nimekunja uso, maana kompyuta ya mlangoni ndiyo iliyomfunga Kaka. Unakumbuka mwendesha mashtaka alivyojigamba kwamba mashine haina mjomba, haimpendelei mtu. Ilionyesha mlango wa stoo ulifunguliwa muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili jioni, Kaka akiwa bado zamu na funguo anazo yeye. Alikana mpaka sauti ikamkauka, lakini nani angemwamini mlinzi?

Mama, saa ile ni mwongo mkubwa. Programu ya kurekebisha saa huja imepangwa na watengenezaji wake iulize majira huko mbali, kwenye intaneti. Ghala halina intaneti, na fundi aliyeiweka aliiacha kama ilivyokuja. Basi ikawa inauliza, haijibiwi, wala hailalamiki. Saa ikazidi kuchelewa kidogo kidogo, na hadi siku ya wizi ilikuwa nyuma karibu nusu saa. Mlango ulifunguliwa baada ya Kaka kumkabidhi mlinzi wa zamu ya usiku funguo na kuondoka.

Aliyezipokea ni kitindamimba wako.

Nilimkimbilia Kaka gerezani nikidhani atashangilia. Akainama. Kumbe alijua tangu mwanzo. Alinisihi ninyamaze, akasema mdogo wetu ana mtoto mchanga na yeye jela ameshaizoea. Kisha akakohoa, akaficha leso, lakini damu nilikwisha kuiona.

Sikumwahidi kitu. Jana nilimkabidhi wakili kila kitu, na leo ameenda polisi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nimekutonesha mahali pale pale. Nikasirikie mimi, Mama, ila Kaka hatamaliza mwaka mle ndani.

Wasalimie majirani, nibusie mtoto. Na mdogo wangu msalimie sana, lakini usimwambie kitu. Mpikie ashibe, mwache ambebe mwanawe. Watakuja kumchukua wiki hii.

Ni mimi,
Mwanao wa katikati