Mbaazi za Mhina Zisiguswe Siku ya Hitma

Mwaka umetimia, mume wangu Mhina, Baba Hiza, tangu homa ya mapafu ikuchukue, na mimi bado namwonea wivu yule mke mwenza wangu.

Wasomaji wasishtuke. Hukuoa mke wa pili, Mazingara nzima inajua. Mke mwenza wangu ni mbaazi.

Ulikuwa mpole, bwana shamba usiyemkaripia mtu. Chai uliinywa umesimama, macho yako shambani. Mnyauko ulipomaliza mbaazi za watu hadi kule Mazinde, ulizunguka kwa baiskeli ukiomba mbegu za kila namna, kisha ukazipanda palepale zetu zilipofia. Watu wakacheka. Nikakuuliza, "Udongo wote huu, umeona huo wenye ugonjwa tu?"

Ukanijibu, "Mama Hiza, mvumilivu utamjuaje bila kumtia kwenye taabu?"

Nyingi zilikufa. Zilizopona ukazipanda tena palepale, mwaka hadi mwaka. Mimi nikiumwa kichwa, waniambia nikalale. Jani la mbaazi likiinama, hulali wewe.

Ulipopatikana mti usiokubali kunyauka, ukachukua mtandio wangu mpya wa Idi ukaufunika maua, ati nyuki wasiuchanganye na mbaazi dhaifu za jirani. Dada yako Mashavu alicheka hadi akakaa chini: "Wifi, mke mwenza kajitanda, wewe kichwa wazi!" Na wewe ukacheka. Hilo sijalisahau.

Sasa sikia linaloninyima raha. Mbegu zako zimo katika kibuyu, darini juu ya jiko. Hizo na miti michache ya uani, basi, hakuna nyingine. Naye Mashavu ametuma salamu kutoka Mazinde: "Siku ya hitma tumpikie kaka mbaazi za nazi, alizipenda mno."

Alizipenda, ndiyo, na mpishi nilikuwa mimi. Lakini kibuyu kile kikiingia chunguni, adhuhuri haijafika kazi yako yote imekwishaliwa. Mnyauko ukirudi, wanangu nitawapandia nini?

Basi nasema mbele ya watu: wageni watakula maharage ya Dindira. Kibuyu asikiguse mtu. Anayetaka mbegu aje na jembe, chungu akiache kwao. Kwanza ang'oe mbaazi zake za zamani zote, maana nyuki hawana mpaka, ndipo nitampa konzi moja. Hata wewe, wifi yangu Mashavu.

Mbaazi mojawapo ya uani imechanua juma hili. Nilisimama nikaitazama na manjano yake yale, nikasonya. Kisha nikavua mtandio niliobaki nao, nikaifunika mwenyewe. Usicheke.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Fatu, wanao Hiza na Abdi, dada yako Mashavu, shemeji yako Semboja, na jamaa wote wa Mazingara na Mazinde.

Kila zitakapochanua, Baba Hiza, utatajwa nyumbani kwako.