Redio Sita za Naitiri

Mpendwa Khocha,

Barua hii naiandika wazi, mwenye macho asome, kwa sababu jina lako lina doa nililolipaka mimi. Kitale bado kuna watu wanaosema uzeeni uliharibu redio ya shamba la watu. Nataka wajue mkono ulikuwa wa nani.

Lakini kwanza acha nikushukuru, maana shukrani ndizo nyingi. Wewe, kaka ya mama, ulinipokea dukani kwako nikiwa na cheti kipya na kiburi kipya zaidi. Wokitoki ya kwanza uliniambia niigeuze, nitoe betri, nisome kibandiko cha idhini kabla sijaiwasha. "Kama ledio haina hiyo alama, hata ikiimba kama malaika, rudisha." Niliicheka hiyo "ledio", nawe ukacheka kunishinda.

Mteja akitaja kilomita anazotaka redio ifike, wewe ulimuuliza habari za mlima. Yuko bondeni? Kuna miti? Kisha ulinituma nitembee na redio nikikusomea vibao vya maduka mpaka sauti ipotee. Kitale walinijua kama yule msichana anayesomea kuta. Niliona haya kweli, lakini kazi niliijua kwa miguu.

Ulikubali tubadilishe betri, kipaza sauti cha begani, na antena iliyoidhinishwa pamoja na redio yenyewe. Ndani hukutaka paguswe. "Hii watu wa idhini walishapima, wakaikubali hivi. Ukiongeza nguvu, si ile walipima tena."

Mimi nikajitia kujua. Meneja wa shamba la mahindi kule Naitiri alituletea redio sita. Moja haikufika ng'ambo ya mto. "Fanyeni ifike," alisema, akaenda zake. Siku hiyo ulikuwa kwa daktari wa meno. Nikaifungua, nikaongeza nguvu hadi mawimbi yakamwagika nje ya masafa ya leseni yao, nikaifunga. Iliita vizuri ajabu.

Wiki haikuisha. Dereva wa ambulensi, mteja wetu, akaingia dukani akifoka. "Ati nani anaita trekta kwa laini yetu? Niko na mama wa kujifungua, hospitali wananiambia nipite wapi, mimi nasikia 'leta dizeli'!" Mama yule alifika salama, Mungu ni mwema, ila alichelewa sana.

Uliniangalia mara moja tu, ukajua. Kesho yake tukaenda Naitiri. Meneja alipotoka ofisini, ukanipa redio: "Shuka mtoni, usome chochote utaona." Mtoni hakuna vibao, Khocha, nikakusomea zaburi niliyoikumbuka. Niliporudi mlikuwa mmeshaongea. Uliirudisha redio ilivyokuwa, tukahamishia kituo kikuu cha redio za shamba juu kilimani penye tangi la maji, na ng'ambo ikasikika bila kufungua kitu. Hata hivyo meneja hakukanyaga tena duka lako. Nilingoja unikemee, na hukunikemea kamwe.

Miaka ikapita, nikafungua duka langu Bungoma. Mteja wa kwanza alikuwa meneja yule yule, na nyuma yake wenzake wa mashamba mengine. Nikavimba kichwa, nikidhani sifa zangu ndizo zimewaita.

Siku tulipokuzika kule Mabanga, meneja alikuja kunipa pole. "Huyu mzee alikuwa mtu," akaniambia. "Siku ile ulikuwa mtoni, alikubali mbele yangu ni yeye alifungua hiyo redio. Nikamwambia, basi sitaki kazi yako tena. Hakukasirika. Akasema, 'Sawa, lakini huyu msichana wangu hawezi gusa kitu haijaruhusiwa. Akifungua duka, enda kwake.' Si ndio nilikuja?"

Nikapokea pole zake, ukweli nikauficha. Nakuomba msamaha, Khocha. Ulikuwa hujafunikwa hata udongo, na bado nikakuachia mzigo wangu.

Tangu siku hiyo sijafungua redio isiyofaa kufunguliwa, hata mtu akibembeleza vipi. Nimeyaishi maneno yako ili yasiwe uongo. Lakini hiyo haitoshi. Jumatatu naenda Naitiri kumwambia meneja ukweli kwa mdomo wangu. Akiondoka na wenzake wote, waende. Walikuwa wateja wako tangu mwanzo.

Asante kwa kunisingizia wema, nami nikaona aibu kuukosa. Pumzika, mzee wangu.

Ni mimi, mtoto wa dada yako.