Bangili ya Shaba

Jumanne

Bado siamini ni Ekai.

Leo dereva wa lori la mafuta alikataa kushusha hata tone pale kituoni kwetu. Waya wa shaba tunaofunga kwenye lori, ule unaopeleka umeme ardhini ili cheche isiwashe petroli, ulikuwa umekatwa. "Na huu upepo mkavu wa Isiolo! Mnataka tuchomeke?"

Nikamgeukia Ekai, mwenzangu wa zamu. Akatazama bangili yangu, si uso. Bangili ya shaba aliyonisokotea kwa mikono yake. Nimeringa nayo hadi kanisani!

Ijumaa iliyopita lori lingine lilishusha nikiwa nimesimama hapo kando. Nilimuuliza Ekai kuhusu waya.

"Usijali, dada, nishafunga."

Nami nikamwinulia mkono wenye bangili, nikamwambia Mungu akubariki.