Shikamoo Inayoangusha

Jumamosi, saa kumi jioni. Mwezi wa kumi huu, mvua bado haijaamua. Upepo umepeperusha vumbi tangu asubuhi na nguo nilizoanika zimegeuka rangi ya barabara. Nimekaa kwenye cherehani yangu hapa mlangoni, lakini sishoni kitu. Kiwiko kinauma, nywele zinanukia maranda ya mninga, na kila nikikumbuka yaliyotokea leo nacheka peke yangu. Jirani ameshanichungulia mara mbili.

Ngoja niandike kabla sijaanza kuyatia chumvi.

Mnaopita hapa kunisoma mnajua mimi ni fundi cherehani Ng'ambo, na kwamba kila Jumamosi asubuhi naenda judo. Niliingia kwa mlango wa kazi. Mwalimu Nyamizi alikuja kuniagiza makoti ya kitambaa kigumu, kola zishonwe mara mbili, ziweze kuvutwa na watu wazima bila kuchanika. Nikamuuliza ni makoti ya kazi gani hayo. Badala ya kunijibu alinishika kola ya blauzi, akageuka kidogo tu, na mimi nikajikuta nimekaa chini kwenye vipande vya vitambaa, taratibu kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Jumamosi iliyofuata nikapeleka makoti, na moja nikabaki nalo mwilini.

Mwalimu Nyamizi ni mfupi kuliko mimi, na mimi mwenyewe si mrefu. Kazi yake ni upishi katika shule ya bweni, anasonga ugali kwa mwiko unaokaribia kumzidi kimo. Judo aliipata Dar es Salaam miaka aliyokuwa akiishi kwa kaka yake. Aliporudi Tabora hakukuta mahali pa kuchezea, basi akaomba ukumbi nyuma ya kanisa, akamwaga maranda sakafuni mpaka yakafika kwenye vifundo vya miguu, juu yake akatandika turubai la kufunikia tumbaku alilopewa na mjomba wake wa Urambo. Hilo ndilo zulia letu. Ukianguka linakupokea vizuri, ukiinuka unanuka karakana.

Nampenda sana yule mwanamke. Sijui kwa nini naona haya kuliandika.

Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hakutuanzisha na kuangusha watu, alituanzisha na kuanguka. Kisha akatufundisha kukubali kushindwa: ukizidiwa unampiga mwenzako kiganja mara mbili kwa wepesi, naye anaachia papo hapo, hata kama alikuwa anakaribia kushinda. Asiyeachia anarudi nyumbani. Halafu akatufundisha kukimbia na kupiga kelele, kwa sababu mtu akikufuata ukaweza kukimbia, anasema, umeshamaliza judo yote. Haya ya kushikana ni ya pale ambapo mtu ameshakufikia, huna pa kurudi nyuma wala nafasi ya kurusha ngumi. Kinachobaki ni uzito wake mwenyewe. Unautafuta ulipo, halafu unamsaidia kwenda kule anakoelekea. Nimemwona akifanya hivyo kwa mwanamume mwenye mwili mara mbili yake, na baadaye akamfuta maranda mgongoni kwa upole.

Sasa kuna mtindo mmoja tunaouita shikamoo.

Ni wa kujitoa kwenye roba, yaani pale mtu anapokukaba shingo kwa mkono kutoka nyuma. Mikono yako yote miwili inauvuta mkono wake chini. Kidevu unakizamisha kwenye kona ya kiwiko chake ili upate pumzi. Halafu unashuka kidogo kama mtu anayetaka kukalia kigoda. Akijikaza kukuzuia, mguu wake mmoja unaingia katikati ya miguu yako, na hapo unainama, unaushika kifundoni na kuuvuta juu. Anakwenda chali. Wazee wanasema shikamoo maana yake ni kushika miguu, basi Mwalimu akaona jina lipo tayari.

Tatizo likawa moja. Mwalimu akiamuru "Shikamoo!", wanawake waliomzidi umri hawainami. Wanasimama wima na kumwitikia: "Marahaba!" Ilituchukua wiki kadhaa kuacha. Mpaka leo kuna anayeitikia kwanza ndipo ainame.

Mimi sikuwa na tatizo la kuitikia. Tatizo langu lilikuwa lingine, na sijawahi kuliandika hapa.

Mwaka jana nilikabwa. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, naenda stesheni kupokea mzigo wa vitambaa. Nikapita njia ya mkato inayofuata reli, kama nilivyoipita miaka yote. Mkono ukaja shingoni kutoka nyuma. Simu ikaenda, mkoba ukaenda, mimi nikabaki na khanga yangu na kikohozi. Hayo nilimweleza kila mtu. Nisilolieleza ni kwamba ule mkono ulipotua, kabla haujakaza, nilisema, "Samahani, kaka."

Nilidhani nimemzibia njia.

Mtu ananikaba na mimi namwomba radhi! Nimeona aibu ya neno hilo kuliko aibu ya kuibiwa. Tangu siku hiyo njia ile sijaipita tena, nazunguka barabara kuu. Na tangu nianze judo nimejifunza kila kitu isipokuwa shikamoo. Mkono ukinifika shingoni kutoka nyuma, mikono yangu inaning'inia. Miguu inasahau kazi. Mwalimu huniachia mara moja, hunigusa bega na kusema tutajaribu wiki ijayo. Hizo wiki zijazo zimeshafika miezi sita.

Hapo ndipo anapoingia mama mkwe.

Mume wangu, Baba Neema, ni seremala, na maranda yaliyo chini ya turubai letu mengi ametoa yeye. Si mtu mbaya. Ila maneno ya mtaani yamemfika: mke wa mtu, mama wa mtoto, kila Jumamosi anagaragara chini na watu. Maranda alitoa kwa moyo mweupe, mke ikawa kazi kumtoa. Mwishowe akasema hatagombana na mimi, mama yake anakuja, na atakalosema mama ndilo litakalokuwa. Nikakubali kwa sababu nilichoka kubishana. Mama akashuka juzi kutoka Bukene kwa treni, na gunia dogo la karanga. Nilipiga goti kumwamkia kama ninavyofanya siku zote. Miaka kumi na tatu ya ndoa sijawahi kumgusa zaidi ya mkono wa kusalimiana.

Leo asubuhi akatangaza kwamba haamui jambo ambalo hajaliona. Akavaa khanga mpya, tukaenda wote.

Nilimkalisha kwenye benchi ukutani. Mwenzangu wa mazoezi hakuwepo, amekwenda msibani Nzega, kwa hiyo Mwalimu akacheza na mimi mwenyewe. Tukaanguka, tukainuka, nikamwangusha kwa kiuno mara mbili nikajiona mtu. Kisha Mwalimu akatangaza, "Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe akaitikia kutoka kwenye benchi.

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye akatuangalia mmoja mmoja, akitafuta kosa lake lilipo. Sisi tulipomaliza kucheka, mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshafika shingoni kwangu, na mimi nikafanya kile ninachofanya siku zote. Mikono ikaning'inia. Nikatazama dirisha. Mwalimu akaniachia.

Nikajua yamekwisha. Si kwamba mama atasema jambo baya. Nilijua tu kwamba hakuna mtu ambaye angenitazama vile halafu aseme niendelee. Na sikuwa na la kujitetea, maana hata mimi ningejiuliza ninachofuata pale ni nini.

Mama mkwe akasimama. Akavua ndala. Akaifunga khanga yake ya pili kiunoni, akakaza kibwebwe kama anayekwenda kuvuna. "Mwalimu," akasema, "nijaribu mimi kumkaba."

Mwalimu alinitazama, kisha akamuuliza habari za mgongo na magoti. "Mgongo huu umelima karanga mwaka huu," mama akajibu. Mwalimu hakumchukulia kirahisi. Alimwangusha kwanza mara tatu pole pole, akimfundisha kukunja kidevu na kupiga turubai kwa mkono, na mara ya tatu mama akaanguka vizuri kuliko nilivyoanguka mimi wiki zangu za kwanza. Kisha Mwalimu akaja kusimama nyuma yake, tayari kumdaka.

Mkono ukanijia shingoni.

Nataka nieleze mkono ule. Haukuwa mkono wa mazoezi. Mwalimu na wenzangu hunikaba kwa adabu, wananionea huruma, na nadhani nimekuwa nikiitegemea huruma hiyo. Huu ulikuwa mkono wa jembe, mgumu, wenye harufu ya moshi wa kuni, nao ulikaza kweli. Sikuwa na nafasi ya kutazama dirisha. Na nikajisikia nikisema, kwa sauti iliyokwama, "Samahani, mama."

Neno lile lile.

Akanisogelea sikioni. "Usiniombe samahani," akasema. "Toka."

Sijui nieleze vipi. Mikono yangu ilipanda yenyewe, ikauvuta mkono wake chini. Kidevu kikaingia mahali pake. Nikapata pumzi. Nikashuka kukalia kigoda, naye akajikaza, na nilipotazama chini nikaona unyayo wake uko katikati ya miguu yangu, umepasuka kisigino, unyayo ambao nimepiga goti mbele yake miaka kumi na tatu. Nikainama. Nikaushika. Nikauvuta.

Nilisikia kishindo.

Nikageuka. Mama mkwe yuko chali juu ya turubai, macho darini, kiganja cha Mwalimu kiko chini ya kichwa chake. Hakuna aliyecheka. Katika dakika ile nilishaona kikao cha ukoo, nilishaona kikapu changu cha nguo kwenye treni. Midomo yake ikatikisika.

"Marahaba," akasema.

Mwalimu Nyamizi, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alipiga kigelegele.

Nililia, bila shaka. Nililia na kucheka na kumfuta mama maranda mgongoni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba namgusa, na kwamba hakuna aliyekufa kwa hilo.

Tukiwa njiani kurudi nilimweleza juu ya samahani. Yote, na yule kaka, na njia ya reli. Alikuwa mtu wa kwanza kusikia. Tulipofika kwenye duka la kona nilikuwa nimeshaanza kujuta. Kisha akasema, "Hata mimi ningemwomba samahani. Ndivyo tulivyolelewa." Tukatembea tena kidogo. "Anayekujia mbele mwamkie. Anayekujia nyuma mpe hiyo shikamoo yenu ya huko chini."

Nimewahi kusifiwa kazi yangu, nimewahi kusifiwa mapishi. Sikumbuki sentensi iliyonipa nafuu kama ile, hata mimi ningemwomba samahani. Mwaka mzima nilidhani ni mimi peke yangu niliyeumbwa hivyo.

Wakati wa chakula cha mchana Baba Neema alisubiri mama anawe mikono, akauliza kwa sauti ya kujifanya hajali, "Enhe, mama, umeyaonaje hayo mambo?"

"Nilikuja kumwachisha," mama akasema. Akamega ugali. "Nikamkaba, akaniangusha. Kama unataka kumwachisha wewe, simama umkabe."

Baba Neema aliutazama ugali. Kisha akanitazama mimi. Kisha akasema kwamba maranda ya chini ya turubai yale yamekaa siku nyingi, Jumatano ataleta mengine.

Sasa hivi mama amelala ndani, anasema kiuno kinamwuma lakini kwa furaha. Kabla ya kulala alinigusia kwamba Bukene kuna wanawake wanaoamka alfajiri kwenda mashambani peke yao, na kwamba akipata koti la kitambaa kigumu, kola mara mbili, anaweza kuwaonyesha angalau ile ya kuanguka na ile ya kukimbia. Vipimo vyake nimeshachukua. Jumatatu asubuhi anarudi, na nitamsindikiza stesheni mwenyewe. Tutapita njia ya reli. Bado naogopa, nisijidanganye, lakini naogopa nikiwa na mikono.

Kuna jambo moja dogo limebaki.

Saa ile alipotoka kuoga, kabla hajalala, nilimkuta amekaa kwenye mkeka, nikapiga goti kumwamkia, maana ndio kwanza tulikuwa tumetulia. "Shikamoo, mama," nikasema, nikainamisha kichwa.

Mama mkwe akakunja miguu haraka, akaifunika kwa khanga.

Kesho asubuhi nitapiga goti tena kama kawaida. Tuone kama atathubutu kuiacha miguu nje.