Sindano ya Kumnyamazisha Mdogo Wangu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai ulifika salama na miguu imepungua kuvimba. Baba naye mpe shikamoo yake. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na leo sitaki kukatizwa. Nina hasira, mama.

Jana ulimpigia mdogo wangu ukamwambia mwanawe hanyonyi kwa sababu yeye ni mzembe, eti wenzake hujifungua wakainuka wakafua. Alilia hadi maziwa yakagoma. Hebu mwache! Siku ya tatu hii anamkuna mtoto nyayo ili aamke. Mtoto anavuta mara mbili, analala tena. Uzembe uko wapi hapo?

Sisi wakunga jambo hili tunalijua, ila tunanyamaza. Sindano ya usingizi anayochomwa mwenye uchungu haibaki kwake. Inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwenye damu ya mtoto. Ukimchoma zikiwa zimebaki saa mbili tatu azae, mtoto anatoka nayo, na mwili wake mchanga unachukua siku kuimaliza. Ndiyo maana wetu alizaliwa kimya, tukampulizia hewa.

Unakumbuka mdogo wangu alivyopiga kelele, na mama mkwe wake yuko koridoni? Ulinivuta kando ukaniuliza mkunga mzima nashindwaje kumnyamazisha, tunaaibika. Nilikuwa nimeshampima, najua amekaribia. Lo, aibu mbaya! Nikamchoma.

Afadhali ningeishia hapo. Kwenye faili nilirudisha saa nyuma, sindano ikaonekana ya alfajiri, saa nyingi kabla hajazaa. Daktari akasoma, akaona dawa haihusiki, akaanza kutafuta ugonjwa. Jana asubuhi alimchoma mtoto mgongoni kwenye uti kuchukua maji ya kupima. Mimi ndiye niliyemshika asifurukute. Hakufurukuta, mama. Alikuwa amelala.

Leo nimemweleza daktari ukweli, kisha mdogo wangu. Daktari kasema kazi huenda nikaikosa, na ni haki yake kusema hivyo. Mdogo wangu alimpakata mwanawe akanigeuzia mgongo.

Basi mpigie, umwombe radhi kwa sehemu yako. Yangu niachie mwenyewe, na tafadhali usinitetee.

Wasalimie majirani. Wakiuliza hali ya mtoto, waambie ametiwa usingizi na bibi yake na mama yake mkubwa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.