Mkanda wa Kamera

Mjukuu wangu Neema,

Habari za Dodoma? Huku Bunda tupo, bibi yako anakohoa kidogo tu. Unauliza kwa nini kila ukipiga simu naulizia mkanda wa kamera yako kabla ya kukuulizia wewe.

Miaka ile maduka matupu, nilikuwaga mpiga picha Musoma. Kifungo cha mkanda wangu kilikuwa kikifunguka chenyewe, na mfuko wa kamera ulifungukia chini, kama vile fundi alitaka kamera ianguke! Ingeanguka, nyingine ningeitoa wapi?

Siku moja tulimpeleka bibi harusi kisiwa cha Rukuba kwa mtumbwi. Tukishuka, bibi yake mzaa mama alininyooshea mkono nimshike. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imekumbatia kamera. Nikamwangalia tu. Akaanguka ziwani.

Alipoinuka, alichana ukingo wa kanga yake, maji yakimchuruzika, akanipa.

"Funga hicho kidude chako," akasema. "Halafu unishike."

Picha ya siku ile ninayo bado. Bibi harusi ni mkavu, bibi yake kalowa mpaka kilemba.

Nunua mkanda imara, Neema. Kuna mtu atauhitaji mkono wako.

Babu yako