Magome Niliyoyaita Chai

Jumanne, Mchafukoge

Bado namsikia Mama akimjibu nesi kliniki leo, bila hata kufikiri: "Dawa nyingine? Hapana, mwanangu. Natumia hii hii ya kufanya damu iwe nyepesi, basi."

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikaona haya kumsahihisha mbele ya nesi. Nilidhani amesahau tu.

Fizi zinamtoka damu tangu Ijumaa. Nesi alisema lazima kuna kitu kinagongana na ile dawa. Na mimi kitu chenyewe nakijua! Ni magome ya mwerebi, mti wa nchi za baridi, niliyomnunulia mwenyewe Kariakoo kwa ajili ya magoti yake. Muuzaji aliniapia hayana madhara, eti ni ndugu wa aspirini. Ndugu wa aspirini, nayo aspirini pia huifanya damu iwe nyepesi! Nami nikafurahi.

Tulipofika nyumbani nikamjia juu. "Mama, mbona hukumwambia nesi habari za magome?"

Akanishangaa. "Si wewe uliyesema siyo dawa, ni chai tu?"

Kweli, nilisema. Alikuwa amechoka na vidonge, nikaona nikiyaita chai atakunywa.

Nimepiga simu kliniki. Nesi amesema aache leo leo, na asubuhi tuwahi na pakiti yenyewe. Alivyoniuliza mara mbili kama damu imezidi, nikakimbia kumwangalia Mama fizi tena.

Sasa hivi Mama ameniita kutoka chumbani. Magoti yanamuuma, chai yake iko wapi?

Pakiti iko hapa, chini ya daftari hili, bado imebaki nusu. Nimemjibu imekwisha.

Huo ni uongo wangu wa pili.